Nimesaini mikataba tisa, bado naitwa mtu wa wakala

Dada mshauri, shikamoo.

Nina miaka 29. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma na mwanangu wa miaka mitano na mdogo wangu wa kike ambaye namsomesha. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Tangu Julai 2023 nafanya kazi ya stoo kwenye ghala moja la vifaa vya ujenzi kule Kizota: saruji, rangi, mabomba, nyaya za umeme. Ila wenye ghala hawakuniajiri wao. Niliajiriwa na wakala, na wakala ndiye aliyenipeleka pale. Mikataba ni ya miezi mitatu mitatu. Huu ninaoumalizia ni wa tisa, unaisha tarehe 30 Septemba.

Kazi naijua. Gari likiingia asubuhi, mimi ndiye ninayelinganisha LPO (oda ya ununuzi) na hati ya mzigo, nahesabu, naandika hati ya mapokezi, naingiza kwenye mfumo. Jioni nafunga leja. Siku za kuhesabu mali mwisho wa mwezi, wafanyakazi wa kudumu wananiuliza mimi bidhaa fulani iko shelfu gani. Lakini wao wana vitambulisho vya kamba ya bluu shingoni, sisi wa wakala kamba ni ya njano. Kikiitwa kikao cha wafanyakazi, wenye njano tunabaki nje kupokea magari.

Meneja wa ghala ni mtu mwema, simsemi vibaya. Mara tatu ameniambia, "Vumilia, wewe nitakuingiza." Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 2023. Mwezi uliopita ameniambia nisubiri Januari, bajeti mpya ikipita. Hajawahi kuandika chochote.

Sasa limetokea jambo. Kiwanda kimoja kipya maeneo ya Nala kilitangaza nafasi, nikapeleka maombi kimyakimya, nikafanyiwa usaili siku ya Jumamosi. Wamenipigia simu: msaidizi wa ghala, ajira ya kudumu, mshahara 350,000, miezi sita ya majaribio, kuanza tarehe 1 Oktoba. Wanataka jibu ndani ya siku 14. Hapa nalipwa 380,000 na naenda kazini kwa miguu. Nala nitalipa nauli 1,600 kwenda na kurudi, siku 26 kwa mwezi.

Nimwambie meneja? Naogopa ataniona sina shukrani, na wakala akisikia anaweza kunitoa kabla ya tarehe 30. Halafu kwenye mkataba wangu kuna kifungu kinachosema mfanyakazi hataajiriwa na mteja (yaani hawa wenye ghala) ndani ya miezi sita baada ya mkataba kuisha. Sijui kama maana yake ni kwamba hata hiyo Januari haiwezekani.

Pia niliangalia michango yangu ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Nakatwa kila mwezi, lakini miezi mitano haionekani. Nikidai sasa, je, nitapewa mkataba mwingine? Na kuna kijana wa ofisi ya wakala amenidokeza kwamba "nikichangia laki tatu" jina langu litaingia kwenye orodha ya watakaohamishiwa kwa mteja.

Kaka yangu anasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mama anasema niachane na wote wawili, niombe serikalini, mbona makao makuu yote yamehamia hapa. Mimi usiku silali.

Ni mimi,
Mwenye kamba ya njano, Dodoma

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa usiku usiolala, na hongera kwa jambo ambalo kwenye barua yako umelipita haraka: umeomba kazi, umefanya usaili, umechaguliwa, na siku ya kazi hujakosa hata moja. Watu wengi walio kwenye mikataba ya wakala hukaa miaka bila kupeleka hata ombi moja, kwa hofu hiyohiyo uliyo nayo.

Nikuelewe hivi: una mahali unapopajua na ahadi isiyoandikwa, una mahali usipopajua na simu isiyoandikwa, na una siku chache. Angalia neno linalojirudia hapo. Pande zote mbili hakuna karatasi. Hata miaka yako miwili na zaidi ya kazi, ukiniuliza iko wapi, iko kwenye vichwa vya watu wa lile ghala. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uende au ubaki, naona kuna kazi ya kukusanya karatasi, na kazi hiyo itakufaa njia yoyote utakayochagua.

Tuanze na meneja. Umesema ni mtu mwema, nami sina sababu ya kumtilia shaka. Swali ni kama anachokuahidi kimo mkononi mwake. Kwenye kampuni nyingi zinazotumia wakala, pesa inayokulipa wewe haitoki kwenye fungu la mishahara. Inatoka kwenye fungu la huduma, pamoja na ulinzi na usafi, kwa ankara ambayo wakala anapeleka kila mwezi. Meneja wa ghala anaweza kuomba watu wa wakala watatu au watano bila kelele nyingi. Nafasi ya kudumu ni jambo lingine: lazima iingie kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, ipitie rasilimali watu, ipitie fedha, isainiwe na mkurugenzi. Mtu anaweza kukuahidi kwa moyo safi mara tatu, na mara zote tatu nafasi ikakwama ghorofa ya juu asikokaa yeye.

Ndiyo maana "subiri Januari" linahitaji kuulizwa vizuri. Kama mwaka wao wa fedha unaanza Januari, mapendekezo ya ikama huandikwa kati ya Septemba na Novemba, yaani ni sasa hivi. Mfuate akiwa peke yake, magari yakiwa yametulia, umuulize kwa adabu: Je, nafasi ya stoo imeshaandikwa kwenye mapendekezo ya mwaka ujao? Nani anaidhinisha? Ikipita, itatangazwa nje au ndani, na ikitangazwa ndani, sisi wa wakala tunahesabiwa ni watu wa ndani? Hilo la mwisho usilisahau. Kampuni nyingi tangazo la ndani ni la wenye kamba ya bluu tu, na mtu aliyesubiri miaka miwili anagundua siku ya tangazo kwamba hana hata haki ya kuomba. Maswali haya hayamtuhumu mtu. Akikujibu kwa jina na tarehe, ahadi ina miguu. Akirudia "vumilia tu", hilo nalo ni jibu, na wewe ndiye utakayelipima uzito.

Sasa kile kifungu cha miezi sita, maana hapa kuna fundo ambalo nadhani hujaliona. Vifungu vya namna hiyo huwekwa ili mteja asimchukue mfanyakazi bila kumlipa wakala, na mara nyingi kwenye mkataba wa wakala na mteja kuna ada ya kumwachia mtu. Lakini soma muda unavyohesabika: unaanza siku mkataba wako unapoisha. Ukisaini wa kumi, utaisha tarehe 31 Desemba, na miezi sita itakupeleka mwishoni mwa Juni. Kila ukisaini, kizuizi kinasogea mbele pamoja nawe. Kwa hiyo ahadi ya Januari na kifungu hicho haviwezi kuwa kweli vyote viwili, isipokuwa wakala akubali kukuachia kwa maandishi. Swali la nne kwa meneja ni hilo: kampuni iko tayari kumalizana na wakala kuhusu kifungu hiki? Kama kifungu kama hicho kina nguvu mbele ya sheria ni mjadala mwingine, na mwanasheria anaweza kukusaidia, lakini mteja asiyetaka ugomvi na wakala wake atakiheshimu hata kama ni dhaifu.

Tukiwa kwenye mkataba, utoe uusome mstari unaosema mwajiri ni nani. Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za mawakala binafsi wa huduma za ajira zilizowakataza mawakala kuwageuza watafuta kazi kuwa waajiriwa wao. Siku ya mgogoro, jina lililoandikwa hapo na anayekulipa ndivyo vitu vya kwanza utakavyoulizwa. Usipoelewa, ofisi ya kazi ya mkoa ipo na kuuliza ni bure.

Kuna jambo la sheria ambalo watu hulielewa nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba kutomwongezea mtu mkataba wa muda maalumu, wakati alikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungeongezwa, kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Kuongezewa mara nyingi na ahadi za mwajiri ni miongoni mwa vitu vinavyoangaliwa, na wewe mikataba tisa siyo michache. Lakini matarajio hayo ni ya kuongezewa mkataba kama uliokuwa nao. Hayakugeuzi kuwa wa kudumu. Tena ahadi unayoizungumzia imetoka kwa meneja wa mteja, siyo kwa wakala. Na ukiamua mwenyewe kutosaini wa kumi, huna cha kudai hapo. Kama ni wao watakaokuacha, malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Watu wengi hupoteza haki yao kwa kwenda siku ya 45 wakisubiri "bosi apoe".

Nala sasa. Tuhesabu mfuko wako kwanza. Kwenye 380,000 ukikatwa NSSF asilimia 10, ambayo ni 38,000, inabaki 342,000. Kodi inaanza juu ya 270,000 kwa asilimia 8, kwa hiyo ni 5,760, na mkononi unapata 336,240. Kwenye 350,000, NSSF ni 35,000, kodi 3,600, unapata 311,400. Tofauti ni 24,840. Ongeza nauli ya siku 26, ambayo ni 41,600. Kila mwezi utapungukiwa 66,440. Kwa mama anayesomesha, hiyo siyo hela ndogo, na mtu asikwambie kwamba neno "kudumu" linalipa kodi ya nyumba. Lakini angalia pengo lenyewe limetengenezwa na nini: zaidi ya nusu ni nauli. Kiwanda kikiwa na gari la wafanyakazi linalopita barabara ya Singida, unabaki na pengo la 24,840. Ni swali la simu ya dakika mbili. Na mtu aliyeshachaguliwa anayo nafasi ndogo ya kusema, "Sasa nalipwa 380,000, mnaweza kunifikia hapo au kunisaidia usafiri?" Wanaweza kukataa, na mara nyingi kazi inabaki palepale.

Lipo lingine la kuchunguza. "Ajira ya kudumu" ni neno la mdomoni. Kwenye karatasi tafuta maneno "mkataba wa muda usio maalumu". Ukikuta "mwaka mmoja" au "miaka miwili, unaoweza kuongezwa", basi ni mkataba wa muda maalumu kama ulio nao, ila mrefu zaidi. Pengine bado ni bora, lakini ujue unachosaini. Sheria inataka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, mahali, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi na malipo. Waombe barua ya ofa yenye hayo kabla hujamwambia mtu yeyote lolote. Kiwanda kilicho makini kitatuma. Kinachosema "njoo tu tarehe moja tutamalizana" kinakuambia kitu.

Na ile miezi sita ya majaribio, usiipuuze. Mfanyakazi asiyefikisha miezi sita kwa mwajiri hana ile kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Utaanza upya, ukiwa mgeni kuliko wote, kwenye kiwanda ambacho chenyewe ni kigeni. Waulize unasimamiwa na nani, utapimwa kwa vigezo gani, na nafasi hiyo imeachwa na mtu au ni mpya. Nafasi mpya kwenye kiwanda kipya inategemea uzalishaji uende kama walivyopanga.

Kaka yako amekukumbusha mbachao, na methali ni ya hekima. Ila muulize naye, kwa upole: mbachao wenyewe ni wa nani? Mkeka unaokunjwa kila miezi mitatu na kutandikwa tena kwa hiari ya mwingine, je, ni wako kweli? Simaanishi uuache. Namaanisha kwamba hofu yako inalinganisha kitu cha hakika na kitu cha kubahatisha, wakati vyote viwili ni vya kubahatisha, kila kimoja kwa namna yake. Kizota unajua watu, unajua mfumo, unajua njia. Hujui tarehe 1 Januari. Nala hujui chochote, ila kuna uwezekano wa tarehe ambayo haitakutisha tena kila robo mwaka.

Kuhusu kumwambia meneja, fikiria mpangilio wa siku kuliko ukweli wenyewe, maana ukweli atausikia tu. Kabla ofa ya maandishi haijafika, huna habari ya kumpa. Ikishafika, unaweza kumwambia hivi: "Bosi, nimepata nafasi ya kudumu mahali. Kabla sijajibu, nimeona heshima nikuulize wewe kwanza, maana umenifundisha kazi. Ile nafasi ya Januari imefika wapi?" Hapo humtishi wala humsaliti mtu. Hatari ipo: anaweza kumwambia wakala, na wakala akatafuta mtu wa kuziba mapema. Mkataba wa muda maalumu hauvunjwi kiholela na upande wowote, lakini kujua hivyo hakuzuii usumbufu. Ndiyo maana wengine huongea wiki ya mwisho. Wengine huongea mapema kwa sababu wanataka meneja apate muda wa kupigania nafasi yao. Wewe unamjua alivyo.

Ukiamua kuondoka, mkataba uache uishe wenyewe tarehe 30. Usikate katikati bila maafikiano ya maandishi. Na usirudi tarehe 1 "kusaidia siku mbili tatu kukabidhi" bila karatasi. Mtu anayeendelea kufanya kazi mkataba ukiwa umeisha anaweza kuhesabika kuwa ameongezewa, na mawakala wengine huleta mkataba mpya wa kusaini wiki ya pili, kazi ikiwa imeshaanza. Fanya makabidhiano yako kabla: leja imefungwa, funguo zimesainiwa, tofauti za hesabu zimeandikwa na kuonwa na wote wawili. Mtunza stoo akiondoka bila makabidhiano, kila kitakachopotea mwezi unaofuata kitaitwa chake.

Sasa zile karatasi. Wakala ana wajibu wa kukupa cheti cha utumishi ajira inapoisha. Kiombe kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Lakini cheti hicho kitataja tarehe na cheo, hakitasema ulifanya nini. Kwa hiyo kwa mteja omba kitu kingine: barua fupi ya kuthibitisha majukumu. Usiiite barua ya mapendekezo. Mapendekezo humtia meneja woga kwamba anasaini ahadi, na mara nyingi atasema lazima aulize makao makuu. Barua ya majukumu inasema tu kwamba fulani, kupitia wakala, amefanya kazi hizi hapa tangu Julai 2023. Iandike wewe mwenyewe iwe nusu ukurasa, umpelekee aisome na kusaini.

Kwenye wasifu wako usiandike mikataba tisa kama kazi tisa, utaonekana mtu wa kuhamahama. Andika mara moja: msaidizi wa stoo, jina la mteja, Kizota, kupitia wakala, Julai 2023 mpaka sasa. Na wakala usimfiche. Anayekuajiri akiangalia michango yako ya NSSF ataona jina la wakala pale, na kilichokuwa cha kawaida kitageuka kuwa uongo. Kisha andika kazi kwa vipimo. "Nilipanga bidhaa stoo" haimwambii mtu kitu. Andika magari mangapi unapokea kwa wiki, aina ngapi za bidhaa ziko chini yako, mfumo unaoutumia, hesabu ya mwezi uliopita ilitofautiana na leja kwa kiasi gani. Vihesabu kwenye daftari lako la mapokezi wiki hii, bado una ruhusa ya kulishika. Na kwenye usaili ukiulizwa unatunzaje saruji, usijibu "kwa uangalifu". Sema: juu ya mbao, siyo sakafuni, mbali na ukuta usio mkavu, isizidi mifuko kumi kwenda juu, isije ya chini ikagandamana, iliyoingia kwanza itoke kwanza, kwa sababu ikikaa miezi inapungua nguvu. Jibu kama hilo linamwonyesha anayekusaili kwamba mikono yako ilikuwa pale.

Michango ya NSSF. Miezi mitano, 38,000 yako na 38,000 ya mwajiri, ni 76,000 kwa mwezi, jumla 380,000. Ni mshahara wako wa mwezi mzima kabla ya makato, mdogo wangu. Chapisha taarifa ya michango kwenye ofisi ya NSSF ya mkoa, weka pembeni hati za mshahara za miezi hiyo mitano, na kama hukupewa hati, taarifa ya benki au ya simu itasaidia kuonyesha ulilipwa. Hatua hiyo haimgusi mtu, ifanye sasa. Hatua ya kuwasilisha madai ndiyo ya kupima. NSSF wenyewe wana wakaguzi wa kufuatilia waajiri, huna haja ya kugombana na wakala ana kwa ana. Bado siwezi kukuhakikishia kwamba hawatajua ni nani aliyesema. Ukisubiri Oktoba unapunguza hatari ya mkataba wa kumi, lakini usiache isahaulike. Wakati huohuo uliza habari ya likizo. Siku 28 kwa mwaka ni siku 7 kwa kila mkataba wa miezi mitatu, siku 63 kwa mikataba yako tisa. Umepumzika ngapi, na zilizobaki ulilipwa? Ni swali la kawaida kabisa la mwisho wa mkataba.

Laki tatu usitoe. Wakala haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi, na huyo kijana hana hiyo orodha. Kama ingekuwepo, ingekuwa kwa mteja. Akikusumbua tena, namba ya TAKUKURU ni 113, bure.

Mama naye ana hoja, ila njia yake ni ndefu kuliko anavyoiona kutoka barazani. Matangazo mengi ya kada yako serikalini yanataka usajili wa PSPTB, ile Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Umesema una stashahada, hukutaja usajili. Kama huna, anza hapo. Mitihani yao ni Mei na Novemba. Fungua akaunti ya Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, kwa namba yako ya NIDA, pakia vyeti vyenyewe, maana karatasi za matokeo ya muda hukataliwa, na hakikisha majina yanafanana kuanzia cheti cha kuzaliwa mpaka cha chuo. Yakitofautiana, tengeneza hati ya jina kwa mwanasheria kabla tangazo halijatoka, siyo siku mbili kabla ya mwisho. Kuna usaili wa mchujo, kisha wa mahojiano, na anayefaulu bila kupata nafasi huwekwa kwenye kanzidata. Unaweza kutembea njia hii ukiwa Kizota au ukiwa Nala. Haikulazimishi kuchagua leo.

Sikuambii uende wala ubaki. Nyumba ni yako na mtoto ni wako. Ninachoona ni kwamba kesho asubuhi, kabla hujaingia getini, kuna simu moja ya kupiga Nala: barua ya ofa itafika lini, na kuna gari la wafanyakazi? Wakishajibu, niandikie tena.